Maneno ya Kuazima: Mhadhara juu ya Sala na Zaburi



Iko husuma ya zamani miongoni mwa Wakristo wa nchi zetu, ambayo aghalabu haisemwi mimbarani lakini husikika sana barazani, na njiani watu warudipo kutoka ibadani, nayo ni hii: ni sala ipi iliyo sala ya kweli, ile isomwayo kitabuni au ile ibubujikayo moyoni? Wa upande wa kwanza huwaona wenzao kuwa ni watu wa kelele, wasiojua wanalolisema wala mahali watakapokoma. Na wa upande wa pili huwaona wale kuwa watamka kwa ulimi mambo ambayo nyoyo zao hazijapata kuyajua. Mimi nimelelewa upande wa kitabu, kisha nikakaa miaka mingi kati ya ndugu wa upande wa moyo, nikala chakula chao na kupiga magoti pamoja nao, kwa hiyo sikuja hapa kumtweza yeyote. Nimekuja na neno moja tu, nalo ni kwamba mja hana sala iliyo yake mwenyewe kabla hajaazima ya wengine. Na kwamba Maandiko Matakatifu, hasa Zaburi zile 150, tumepewa kwanza ili tuziseme, na kuzifahamu huja baadaye, polepole, na kwa wengine huja wakati mvi zimekwisha kuota.

Tazameni jinsi tunavyomlea mtoto katika adabu. Hajafikia umri wa kujua heshima ni kitu gani, wala kwa nini mzee astahili kuliko yeye, lakini asubuhi mama humsukuma kidogo begani mbele ya babu yake na kumwambia aamkie. Naye husema shikamoo, pengine kwa kununa, pengine huku macho yake yakimfuata kuku uani. Hakuna mzee mwenye akili amwambiaye mtoto huyo anyamaze mpaka moyo wake uwe na heshima ya kweli. Mzee huitikia marahaba kwa bashasha, maana ajua kwamba tamko lililotangulia litauvuta moyo nyuma yake, na kwamba mtoto anayengojewa aheshimu kwanza ndipo aamkie, mara nyingi huishia kutofanya lolote katika hayo mawili. Sioni kwa nini tujidhanie kuwa mbele ya Mwenyezi Mungu sisi tu watu wazima kupita mtoto yule.

Injili ya Luka yasimulia kwamba Bwana Yesu alikuwa mahali fulani akisali, na alipokwisha, mmoja wa wanafunzi wake akamwomba awafundishe na wao, kama Yohana alivyowafundisha wanafunzi wake. Watu hawa hawakuwa wageni wa ibada; walikulia katika masinagogi, walipanda Yerusalemu wakati wa sikukuu, walizijua sala za baba zao. Hata hivyo waliona kuwa kusali ni jambo la kufundishwa, wala Bwana hakuwakemea kwa upungufu wa ilhamu, bali aliwapa maneno, machache, ya kutosha kukaa katika kifua cha mvuvi. Na mtu akiyachunguza Maandiko yenyewe kwa taratibu ataona kwamba karibu kila mahali ambapo mtu wa Mungu amebanwa na dhiki au amefurikwa na furaha, hutafuta maneno yaliyokwisha kusemwa na mwingine. Yona, akiwa tumboni mwa samaki, asali sala ambayo vipande vyake vingi vyatoka katika Zaburi, tena ni sala ya shukrani, ilhali hajatoka bado! Danieli, kabla hajaungama dhambi za taifa lake, alikuwa akisoma vitabu, akakuta hesabu ya miaka 70 aliyoitaja Yeremia, na kusoma kule ndiko kulikomtia katika kufunga na magunia na majivu. Petro na Yohana walipofunguliwa na baraza la makuhani, wenzao walipaza sauti kwa maneno ya Zaburi ya pili. Na Mariamu binti wa Nazareti, aliyepata habari ambayo hakuna binadamu aliyewahi kuipata, habari mpya kuliko zote, hakuona haya kuimba wimbo ambao mifupa yake ni wimbo wa Hana mama yake Samweli, mwanamke aliyekufa mamia ya miaka kabla yake.

Habari ya Hana yataka tukae kidogo, kwa sababu ndugu zangu wa upande wa moyo wanayo haki ya kunikumbusha kwamba siku ile huko Shilo Hana hakuazima kitu. Alisali kwa uchungu wake mwenyewe, midomo ikicheza bila sauti, kwa namna isiyokuwamo katika utaratibu wowote, hata kuhani Eli, mtu wa utaratibu, akamdhania kuwa amelewa. Nakubali, na kila nisomapo kisa hicho nauona uso wa Eli katika kioo cha watu wa upande wangu. Lakini tazameni kilichofuata: uchungu ule usio na kitabu uliandikwa kitabuni, na wimbo uliouzaa ukawekwa akiba mpaka msichana mmoja wa Galilaya alipouhitaji. Sala ya moyo ya mtu mmoja huwa ni sala ya kuazima kwa mwingine, na anayeazima leo hajui ni nini atakachowaachia watakaokuja.

Kisha kuna msalaba. Usiku wa kuamkia mateso, baada ya karamu, Mathayo na Marko wasema Bwana na wanafunzi wake waliimba ndipo wakatoka kwenda Mlima wa Mizeituni. Na kwa desturi ya Pasaka ya Wayahudi nyimbo hizo ni Zaburi ya 113 mpaka ya 118. Na kesho yake, pumzi ilipokuwa ikimwishia, maneno mawili katika yale yaliyosikika yalikuwa ya Zaburi: kilio cha kuachwa ambacho ndicho mwanzo wa Zaburi ya 22, na kule kuiweka roho mikononi mwa Baba, kunakotoka katika Zaburi ya 31. Mimi nimepata kusikia mahubiri mengi juu ya maneno saba ya msalabani, lakini ni machache yaliyotaja jambo hili lililo wazi, kwamba Neno aliyefanyika mwili, aliyekuwa na uwezo wa kusema lolote, alipofika mahali ambapo lugha ya binadamu hukatika alishika maneno ambayo kila mtoto wa Kiyahudi aliweza kufundishwa. Ikiwa Yeye hakuona kuwa ni unyonge, seuze mimi.

Nijibu hapa hoja iliyo kubwa. Husemwa kwamba Bwana mwenyewe, katika sura ya sita ya Mathayo, alituonya tusipayuke-payuke kama watu wa mataifa wadhanio kwamba watasikiwa kwa wingi wa maneno. Ni kweli, na onyo hilo ni la kweli kwa wenye vitabu na wasio na vitabu sawasawa. Lakini Mathayo huyo huyo, katika sura ya 26, asema kwamba kule Gethsemane Bwana alikwenda akasali mara ya tatu kwa maneno yale yale. Kurudia siko kulikokatazwa, basi. Kilichokatazwa ni kudhani kuwa Mungu hununuliwa kwa rejareja, neno kwa neno, au kwamba anayo masikio mazito ambayo lazima yachokozwe. Nabii Isaya naye aliwashutumu watu waliomheshimu Mungu kwa midomo na nyoyo zao zikawa mbali. Lakini sikupata kuona mahali aliposema kuwa dawa ya moyo ulio mbali ni kuifunga midomo.

Ndugu wa upande wa moyo wanisamehe nikisema pia kwamba sala zao, ninavyozipenda, hazikukosa kuazimwa kama wanavyodhani. Mtu akikaa katika jumuiya moja kwa mwaka mzima, ataijua sala ya kila mzee hata kabla hajaianza: huyu ataanza kwa kushukuru kwa usingizi wa usiku, yule atawataja wagonjwa wa hospitalini na wasafiri wa baharini na nchi kavu, na yule wa tatu ataifikisha amina mahali pale pale alipoifikisha juma lililopita, kwa kikohozi kile kile. Wameazima kwa wachungaji wao, na wachungaji kwa wamisionari, na wamisionari kwa mama zao. Sioni aibu ndani yake. Hata ule Uamsho uliowaka Gahini katika Rwanda katika miaka ya 1930, ukaenea Uganda na Tanganyika na Kenya, watu wakilia hadharani na kuungama wizi wa ng'ombe na wa fedha, haukutoka hewani. Wanaousimulia hurudi nyuma mpaka mwaka 1929 huko Kampala, ambapo daktari Mwingereza, Joe Church, na Mganda Simeon Nsibambi walikaa pamoja wakaisoma Biblia na kusali. Walianza kwa kusoma, na moto ukafuata.

Katika karne ya nne alikuwako askofu wa Iskanderia katika Misri, Athanasio, aliyefukuzwa katika mji wake mara tano kwa ajili ya imani yake, ambaye alimwandikia rafiki yake Marselino waraka mrefu juu ya Zaburi. Muradi wa waraka huo ni huu: vitabu vingine vya Biblia vyatueleza habari na kutupa amri, nasi twavisikia kama maneno ya watu wengine, lakini mtu asomapo Zaburi, maneno huwa ni yake yeye mwenyewe, kana kwamba yaliandikwa kwa ajili yake, naye ajiona ndani yake kama ajionavyo katika kioo. Nimeufikiri waraka huo mara nyingi, nami nathubutu kuongeza jambo ambalo miaka imenifundisha. Kioo cha Zaburi hakimwonyeshi mtu uso alio nao leo peke yake. Humwonyesha na nyuso ambazo hajawa nazo, na pengine hatapenda kuwa nazo. Nikiwa na siha, na watoto wamekula, na mshahara umeingia, nafungua zaburi ya siku nakuta mtu ambaye mifupa yake imekauka na majirani wamkimbia. Mwanzoni nilikuwa nikizipita zaburi hizo upesi, kwa kuwa hazikunihusu, hata siku moja padri mzee akanionya kwa upole kwamba yuko mtu mahali fulani usiku ule ambaye zilimhusu, naye hakuwa na nguvu za kuzisema. Tangu hapo nimeshika desturi ya kuzisema kwa niaba yake, simjui jina wala kabila. Augustino, askofu wa Hipo, alifundisha jambo la kina zaidi, kwamba katika Zaburi ni Kristo mzima asaliye, kichwa pamoja na viungo vyake. Lakini hata mtu asiyefika huko aweza kuanza na jirani yake aliye taabani.

Katika pwani yetu tuna mahali ambapo jambo hili laweza kuonekana kwa macho. Mwaka 1873 Sultani Barghash bin Said alilazimika kutia sahihi mkataba uliolifunga soko la watumwa la Unguja, na siku ya Noeli ya mwaka huo huo jiwe la msingi la kanisa la Kianglikana likawekwa katika kiwanja kile kile cha Mkunazini. Mbweni, nje kidogo ya mji, waliwekwa watu waliokombolewa kutoka majahazini, Wayao na Wanyasa na wengineo, wengine wadogo hata hawakukumbuka vijiji vyao. Kitabu cha Sala cha Kianglikana huzigawa zaburi zote katika siku 30 za mwezi, asubuhi na jioni, na katika mpango huo Zaburi ya 126, ya mateka waliorejezwa ambao walikuwa kama waotao ndoto, huangukia jioni ya siku ya 27. Wimbo huo waliutunga Wayahudi waliotoka utumwani Babeli. Niambieni, ni nani aliyekuwa na haki nao kuliko mtu wa Mbweni? Na ni nani angaliweza kumtungia mwingine ulio bora?

Lakini jioni inayofuata, siku ya 28, ni zamu ya Zaburi ya 137. Hiyo nayo ni ya utumwa wa Babeli, nayo huanza kwa machozi kando ya mito na kumalizika kwa laana ya kutisha juu ya watoto wachanga wa adui. Hapa wasomaji wengi husimama, na wana haki ya kusimama. Kanisa Katoliki, lilipoutengeneza upya utaratibu wake wa sala za kila siku baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, liliziacha nje kabisa zaburi tatu za laana, ya 58, ya 83 na ya 109, na katika nyingine likaondoa mistari iliyo mikali. Nafahamu sababu, wala mimi si mtu wa kushindana na mababa wa Kanisa. Hata hivyo nafsi yangu haijaridhika. Mtu aliyeuzwa sokoni, aliyemwona ndugu yake akitupwa njiani kwa kuwa hawezi tena kuubeba mnyororo, ana ghadhabu ambayo mimi sina, na ghadhabu hiyo haitoweki kwa sababu kitabu cha sala kimeinyamazia. Itatafuta mlango mwingine, na mlango huo aghalabu ni mgongo wa mke au wa mtoto. Zaburi yamruhusu aipeleke mahali pamoja tu ambapo haitamdhuru mtu, mbele za Yeye aliyesema kwamba kisasi ni chake. Tena haimwambii kuwa amefanya vema kuona ghadhabu, wala haimwambii kuwa amefanya vibaya. Yamsikiliza mpaka mwisho. Amri ya kuwapenda adui iko palepale, haikuondolewa hata nukta. Lakini sijui mtu ataipataje njia ya kumsamehe adui ambaye hajathubutu hata kumtaja mbele ya Mungu kwa jina lake halisi. Zaburi hizo mimi huzisema kwa sauti ndogo, na kwa hofu, nikikumbuka kwamba pengine yuko mtu anayezisema juu yangu.

Sasa nije kwenye ukavu, jambo ambalo nadhani limewaleta wengi wenu hapa, ijapokuwa hamkuliandika katika barua za mwaliko. Kila mtu aliyedumu katika sala kwa muda ameujua wakati ambapo maneno yanakuwa kama mchanga mdomoni, mbingu zimefungwa, na saa haiendi. Wazee wa jangwani kule Misri walikuwa na jina lake na walilijua kama mkulima ajuavyo magugu ya shamba lake. Evagrio wa Ponto, aliyefariki mwaka 399 baada ya kukaa miaka mingi jangwani, alilieleza kwa uhodari hata mtu hucheka akijitambua: kwamba shetani wa mchana humfanya mtawa aone jua limesimama na siku imekuwa na saa 50, amtoe chumbani atazame kama saa ya kula imekaribia, kisha amtie chuki ya mahali alipo na ya kazi ya mikono yake, na kumkumbusha jamaa zake na raha za kale. Na dawa aliyoitoa ni ya ajabu. Alisema mtu aigawe nafsi yake sehemu mbili, moja iwe ya kufariji na nyingine ya kufarijiwa, na ile ya kwanza iiambie ya pili maneno ya Daudi aliyeiuliza nafsi yake sababu ya kuinama. Yaani mtu asiye na faraja yake mwenyewe aazime ya Daudi, ajitie nayo kama mgeni ajaye kutoa rambirambi nyumbani kwake mwenyewe. Kadhalika Yohana Kasiano, aliyeyachukua mafundisho ya Misri akayapeleka Ufaransa, asimulia kwamba Abba Isaka alimfundisha ashike mstari mmoja tu, ule wa mwanzo wa Zaburi ya 70 umwombao Mungu afanye haraka kusaidia, aurudie alalapo na aamkapo, kazini na safarini, katika joto la majaribu na katika baridi ya kuchoka. Mstari mmoja! Sisi ambao rafu zetu zina tafsiri nne na vitabu vya tafakuri vya kila rangi, tungefanya vema kutafakari umaskini ule.

Nilipofiwa na mama yangu sikuweza kusali kwa maneno yangu kwa muda mrefu, wala sikutaka. Watu wema walikuja matangani wakanipa maneno yao, nami niliyashukuru, lakini yalikuwa yakikimbilia upesi mno mahali ambapo mimi nilikuwa sijafika. Nilikaa na Zaburi ya 88. Msomaji wa Zaburi ajua kwamba zaburi za maombolezo, hata zile za uchungu mwingi, karibu zote hugeuka mahali fulani. Mstari mmoja hukatika, na mtu aliyekuwa akilia aanza kusifu, kana kwamba mlango umefunguliwa ambao sisi hatukuuona. Ya 88 haigeuki. Huanza kwa kumlilia Mungu mchana na usiku, hupita katika kaburi na shimo na mawimbi, hulalamika kwamba rafiki wameondolewa mbali, na mwisho wake ni giza. Sikupata kujua mikono iliyokusanya Zaburi iliwaza nini ilipoiacha jinsi ilivyo, bila ya kuitilia mkia wa faraja, lakini naishukuru mikono hiyo. Kama ingalitiwa mkia, mimi nisingalikuwa na cha kusema miezi ile, na ningalijiona nimetoka nje ya Kanisa, kumbe nilikuwa ndani yake, katika chumba chake kisichokuwa na taa. Wala sikuja kuambiwa siku moja kwamba giza limekwisha. Niligundua tu, nikiwa ninasoma zaburi nyingine ya siku, kwamba nimeifikia sehemu ya sifa nikaisoma bila kuruka.

Hapo ndipo ninapofikiri kwamba kukua kwa roho si kitu ambacho mtu aweza kukipima nafsini mwake. Namjua bibi mmoja, hayupo tena duniani, asiyejua kusoma hata jina lake, aliyezihifadhi zaburi nyingi kwa kusikia tu, kwa kuwa alikaa kanisani asubuhi na jioni tangu utoto wake. Hakuzielewa zote, naye alisema hivyo waziwazi. Yako maneno ya Kiswahili cha kitabu ambayo aliyatamka kwa namna yake mwenyewe, na wasomi wadogo tukatazamana. Lakini watu wa mtaa, hata wasio Wakristo, walipokuwa na ugomvi wa mipaka ya mashamba au wa mahari walimwendea yeye, naye alisikiliza pande zote mbili mpaka mwisho, bila kumkata mtu kauli, kwa subira ambayo sikuiona kwa mahakimu. Ukimwuliza amekuwaje mtu wa namna hiyo, angalikutazama kama umwulizaye mti kwa nini ni mrefu. Mimi nina dhana yangu: mtu aliyekaa miaka 60 akisema kwa kinywa chake mwenyewe malalamiko ya wafalme na ya wagonjwa, ya walioonewa na ya walioonea wakatubu, hawezi kushangazwa tena na neno la mtu yeyote. Moyo wake umekwisha kupitiwa na watu wengi mno kiasi cha kutoweza kujifunga.

Kama bibi yule alivyozipata kwa sikio, yafaa zaburi zisomwe kwa sauti. Yule towashi wa Kushi aliyekuwa akirudi kwao kutoka Yerusalemu alikuwa akimsoma Isaya garini, na Filipo akamsikia, maana kusoma zamani kulikuwa ni kwa sauti; hata Augustino, alipofika Milano akamkuta Askofu Ambrosio akisoma kwa macho peke yake, ulimi ukiwa umetulia, aliliona kuwa jambo la kustahili kuandikwa kitabuni. Sikio huuzuia upesi wa jicho. Nasi tumebahatika kuwa na lugha inayoimba. Mmisionari Krapf alipoanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili mjini Mombasa mwaka 1844, mwaka ule ule aliomzika mkewe na mtoto wake, alimtegemea kadhi wa mji. Biblia nzima ya lahaja ya Unguja ikatoka mwaka 1891, ya Mombasa mwaka 1914, na ile ya muungano tunayoipenda wengi mwaka 1952. Katikati yao, mwaka 1937, Mjerumani Karl Roehl alitoa Biblia iliyojaribu kuyafukuza maneno ya asili ya Kiarabu, na ijapokuwa ilikuwa kazi ya mwanachuoni hodari, watu wa pwani hawakuipokea, kwa kuwa walikwisha kujifunza kutubu na kushukuru kwa maneno waliyoyapata kwa majirani zao Waislamu. Kuazima kwetu, basi, kwatuzidi kila upande.

Nimesema kwamba nitanena juu ya neno moja, na saa imekwenda. Lakini sipendi kuwaachia dhana ya kwamba kuazima ni daraja ya wanaoanza, ambayo mtu akikomaa huivuka. Augustino, mwana wa Tagaste katika Afrika ya Kaskazini, alihubiri na kuandika kiasi ambacho msomaji wa leo hakimalizi katika umri wake, na maungamo yake ni sala moja ndefu ambayo dunia haijapata nyingine kama hiyo. Mwaka 430, katika umri wa miaka 75, alikuwa kitandani katika mji wake wa Hipo, Wavandali wameuzingira, na wakimbizi wamejaa ndani. Possidio, rafiki yake aliyekuwa pamoja naye, asimulia kwamba aliagiza zaburi chache za toba ziandikwe, zibandikwe ukutani mahali alipoweza kuziona, akawa akizisoma akiwa amelala, akilia sana; na akaomba kwamba kwa siku zake za mwisho asiingie mtu ila waganga na mleta chakula. Mtu aliyekuwa na maneno mengi kuliko wote hakutaka siku zile maneno yake mwenyewe.

Wanaouliza waanzie wapi, jibu langu ni la kawaida mno: waanzie tarehe ya leo. Mpango ule wa siku 30 hauhitaji kitabu cha ziada. Kama ni siku ya nne, asubuhi ni ya 19 mpaka ya 21, na jioni ni ya 22 na ya 23, kilio cha aliyeachwa, kisha mchungaji wa kondoo, katika kikao kimoja, na asiyekuwa na nafasi ya zote asome moja. Wenye Biblia za zamani za Kikatoliki wajihadhari tu na hesabu, kwa maana humo zaburi nyingi zimerudi nyuma kwa namba moja. Atakayekosa siku mbili au tano, kwa ugonjwa au kwa uvivu, asirudi kuzilipa kama deni la dukani, maana nimewaona wengi walioacha kabisa kwa sababu ya kulemewa na malimbikizo hayo. Aifungue siku aliyoamkia, aisome kwa sauti, na ikiwa moyo wake haukuja pamoja naye, aisome vivyo hivyo.